Starlink na kampuni za simu: tumeshangilia mapema

Mei 2025 Airtel Africa ilitia saini makubaliano na SpaceX ya Elon Musk ya kupeleka Starlink, huduma yake ya intaneti ya satelaiti, katika nchi 14 inakofanya biashara, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Novemba mwaka huohuo Vodacom nayo ikasaini yake: itatumia satelaiti za Starlink kuunganisha minara iliyo mbali na mkongo wa faiba, na itauza vifaa na huduma za Starlink kwa kampuni na wafanyabiashara. Habari zote mbili zilipokewa kwa nderemo. Tuliambiwa ushindani umefika, bei zitashuka, na kijijini kwa bibi intaneti itakuwa kama ya Upanga au Westlands. Mimi nazisoma habari hizi kinyume. Faida kubwa ambayo mteja wa Afrika Mashariki ameipata kwa Starlink hadi sasa haikuletwa na watu waliojiunga nayo, maana ni wachache. Ililetwa na wasiwasi wa wenye soko kwamba wateja wao wanaweza kuhama wakati wowote. Mkataba unaomfanya mshindani kuwa mshirika wa mwenye soko unautuliza wasiwasi huo, na mwenye soko aliyetulia hana haraka ya kumbembeleza mteja.

Tuanze na Kenya, kwa sababu huko mambo yalifanyika peupe. Starlink iliwasha huduma zake Julai 2023. Seti ya antena na ruta iliuzwa kwa takriban shilingi 89,000, na ada ya mwezi ilikuwa 6,500. Kwa bei hiyo wateja walikuwa kampuni za utalii, mashamba makubwa na wenye nazo. Mwaka uliofuata bei ya seti ikashushwa hadi karibu nusu, na Agosti 2024 ukaja mpango wa kukodi seti kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Hapo mambo yakachangamka. Ukipita Kitengela ungeviona vidishi vyeupe juu ya mapaa ya maghorofa ya kupanga, waya mmoja ukishuka hadi kwenye ruta, na majirani watatu au wanne wakichangia bili. Hata hivyo, hesabu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mwishoni mwa 2024 zilionyesha wateja 19,000 na ushei tu, yaani takriban asilimia 1 ya waliounganishwa na intaneti ya nyumbani na ofisini, na miezi mitatu baadaye idadi ikapungua. Wachambuzi wengi wakafunga jalada: kelele nyingi, kazi kidogo. Asilimia 1 haimtikisi mtu.

Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ajabu ni kwamba ndiyo inayorudiwa zaidi. Kama asilimia 1 haimtikisi mtu, kwa nini Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano kutaka kampuni za satelaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi chini ya makubaliano na kampuni zenye leseni nchini? Kampuni inayoongoza soko haiandiki barua ya namna hiyo kwa sababu ya wateja elfu kumi na kitu. Inaandika kwa sababu ya wale ambao bado ni wake lakini wameanza kuuliza bei kwingine. Miezi miwili baadaye, Septemba 2024, Safaricom ikaongeza kasi ya vifurushi vyake vya intaneti ya nyumbani bila kupandisha bei. Septemba hiyohiyo Rais William Ruto, akiwa New York, alisema kwa mzaha kwamba bosi wa Safaricom, Peter Ndegwa, hafurahii sana anapowaleta washindani kama Elon Musk, lakini kwamba jambo hilo linamweka macho. Mzaha huo ulikuwa na uchumi mwingi ndani yake kuliko ripoti kadhaa za wataalamu nilizozisoma.

Hebu tuvitazame vifurushi hivyo kwa karibu, kwa sababu jibu limo humo. Kifurushi cha chini, Bronze cha shilingi 2,999, kiliongezewa kasi kutoka Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 hadi 15. Silver cha 4,100 kilitoka 20 hadi 30. Vyote viwili ni nyongeza ya nusu. Gold, kilichouzwa 6,299, kilitoka 40 hadi 80, yaani mara mbili. Diamond cha 12,499 kilitoka 100 hadi 500. Sasa weka pembeni ada ya kawaida ya Starlink: 6,500. Vifurushi vilivyo chini ya bei hiyo vilipata kidogo. Kile kinachokaribiana nayo kwa tofauti ya shilingi mia mbili na moja kilipata maradufu, na cha juu yake kikapata mara tano. Mteja anayelipa 2,999 hakuwa wa kupokonywa na dishi la 6,500, hivyo hakukuwa na haja ya kumbembeleza sana. Mteja wa 6,299 alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Ipo hoja nzuri dhidi ya usomaji huu, na haifai kuirukia. Mitambo ya faiba hupungua gharama mwaka hadi mwaka, na kuongeza kasi katika vifurushi vya juu hakumgharimu mtoa huduma kiasi kikubwa, kwa sababu nyumba chache zinatumia Mbps 500 kwa wakati mmoja. Isitoshe, kampuni za Faiba, Zuku na Poa zilikuwa zinawania wateja haohao kabla dishi la kwanza halijapanda juu ya paa. Huenda Safaricom ingeongeza kasi hata kama Elon Musk asingezaliwa. Nakubali kwamba mfano mmoja wa nchi moja hauthibitishi. Lakini swali hili limewahi kupimwa vizuri kwingine. Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza soko la ndege la Marekani, wakaitumia Southwest, shirika lenye sifa ya nauli nafuu. Walitafuta njia ambazo Southwest ilikuwa imeshaanza kuruka kutoka viwanja vya ncha zote mbili, lakini haijaanza kuruka kati ya viwanja hivyo viwili. Kila mtu aliona kwamba ilikuwa inakuja. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008 walionyesha kwamba mashirika yaliyokuwapo yalishusha nauli kabla Southwest haijauza tiketi hata moja katika njia hiyo, na kwamba zaidi ya nusu ya punguzo lote lililosababishwa na Southwest lilitokea katika kipindi hicho cha kusubiri. Njia ambazo hazikutishiwa hazikushuka. Ukilinganisha na vifurushi vya Nairobi, mpangilio unafanana: unafuu unakwenda palipo na tishio, na kwingine wateja wanaendelea kulipa kama kawaida.

Wanauchumi wamelishughulikia jambo hili tangu Joe Bain alipoandika, miaka ya 1950, kuhusu vikwazo vinavyowazuia wapya wasiingie sokoni. Baadaye, mwaka 1982, William Baumol na wenzake wakaenda mbali zaidi na kudai kwamba soko lenye muuzaji mmoja tu linaweza kuwa na bei za ushindani, mradi mgeni anaweza kuingia na kutoka bila hasara kubwa. Walichukua ndege kama mfano, kwa kuwa ndege haijengewi mahali: leo inaruka njia hii, kesho njia ile. Wengi waliona nadharia hiyo ni nzuri kwenye karatasi tu, kwa sababu biashara nyingi zina gharama ambazo ukishazilipa huzirudishi. Mnara wa simu ni mfano halisi. Ukishaujenga Sumbawanga huwezi kuubeba kuupeleka Lamu.

Ndiyo maana kisa cha Ethiopia kinafundisha zaidi kuliko cha Kenya, kwani pale mgeni aliyetishia kuingia alitakiwa kujenga minara kwa fedha zake. Mwaka 2018 Ethio Telecom, kampuni ya simu ya serikali, ilikuwa peke yake katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100. Juni mwaka huo chama tawala kikatangaza kwamba sekta itafunguliwa. Hakukuwa na zabuni wala mdhibiti wa soko, na aliyejua ni kampuni gani ingekuja hakuwapo. Agosti, miezi miwili tu baadaye, Ethio Telecom ilishusha gharama ya kupiga simu kwa takriban asilimia 40, na ya intaneti ya simu kwa zaidi ya hapo kidogo. Mtandao wa kwanza wa mshindani uliwashwa Dire Dawa Agosti 2022. Kwa miaka minne Mwethiopia alifaidi punguzo lililoletwa na mshindani asiyekuwapo.

Utauliza, kwa nini mwenye soko ashushe bei mapema hivyo badala ya kukamua hadi siku ya mwisho? Jibu ni kwamba anayefikiria kuingia sokoni haangalii bei ya leo. Anaangalia atakachokikuta siku ya pili baada ya kuingia: wateja watakuwa wameshafungwa na nini, na mwenyeji atapigana kiasi gani. Mwenyeji mwenye akili hutumia muda wa kusubiri kuvibadilisha vitu hivyo viwili. Tazama kalenda ya Mei 2021. Tarehe 11, Ethio Telecom ilizindua Telebirr, huduma yake ya pesa kwa simu. Tarehe 22, serikali ikatangaza kwamba kundi linaloongozwa na Safaricom limeshinda leseni kwa dola milioni 850. Na leseni yenyewe haikuwaruhusu wageni kuendesha pesa kwa simu, wakati kila mtu anajua kwamba M-Pesa ndiyo roho ya Safaricom. Sheria ilipokuja kubadilishwa, kampuni hiyo ililipa dola milioni 150 nyingine, na M-Pesa ikawashwa Agosti 2023. Wakati huo Telebirr ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 30. Mgeni alikuta viti vimekaliwa.

Upande wa Safaricom nao una la kusema. Zabuni ya 2021 ilikuwa na leseni mbili mezani. Zilikuja bahasha mbili tu: ya kundi la Safaricom, dola milioni 850, na ya MTN ya Afrika Kusini, milioni 600. Serikali ikaikataa ya MTN kwa kuwa ndogo. Wengi waliandika kwamba Safaricom ililipa kupita kiasi kwa dola milioni 250. Mimi naona hesabu ilikuwa tofauti. Kampuni inaponunua leseni hainunui masafa peke yake, inanunua pia kukaa sokoni kabla ya mwingine. Kuchelewa miaka mitatu kungemaanisha kuikuta Telebirr imekomaa na pengine MTN imeshatandaza minara Addis Ababa. Aliyeingia kwa milioni 850 akabaki na mshindani mmoja tu huenda alifanya biashara nzuri kuliko ambaye angeingia kwa milioni 400 akawa wa tatu. Hofu ya washindani wajao ndiyo iliyomsukuma kuingia mapema na kwa gharama. Serikali ilipoitangaza tena leseni nyingine, zabuni ilifungwa mwaka 2023 bila mshindi. Hofu ileile ilikuwa imewafanya wengine wakae nje. Walitazama ndani wakamwona mwenyeji mwenye makumi ya mamilioni ya wateja na mgeni wa kwanza aliyekwishazika mamia ya mamilioni ya dola asiyeweza kurudi nyuma, wakafanya hesabu na kugeuza. (Kwamba birr, sarafu ya Ethiopia, iliachwa bei yake ipangwe na soko Julai 2024 na thamani yake ikaporomoka, hivyo vitabu vya Safaricom vikavuja damu, ni bahati mbaya ya sarafu. Haibadilishi mantiki ya uamuzi wa 2021.)

Kwa hiyo tishio lina makali mawili. Linamshusha bei aliyemo, na linamharakisha au kumfukuza aliye nje. Tukiwa na hayo, turudi kwa Starlink na tuiulize kwa nini imekubali kuuzwa na wale iliotakiwa kuwasumbua.

Satelaiti zake zinazunguka kilomita mia kadhaa juu yetu, na zitapita juu ya Tabora hata kama Tabora nzima haina mteja hata mmoja. Gharama kubwa imeshalipwa, na haikulipwa kwa ajili ya Tabora. Kuingia nchi mpya kunahitaji leseni, watu wa mauzo, na kituo cha ardhini ukitaka huduma iwe nzuri zaidi. Januari 2025 Starlink ilipoweka kituo cha kuunganishia Nairobi, data iliyokuwa ikizunguka nchi za mbali ikaanza kupitia hapohapo, na muda wa kwenda na kurudi ukashuka kwa kiasi kikubwa. Kutoka nako ni rahisi vilevile. Kama kuna biashara inayokaribia ile ndoto ya Baumol kuliko ndege zenyewe, ni hii. Ndiyo maana tishio lake lilikuwa zito kuliko ukubwa wake: mwenyeji hawezi kujifariji kwamba mgeni ataishiwa fedha za kujenga minara, kwa sababu hajengi.

Lakini tishio hilo lilikuwa na shimo, nalo lilionekana Novemba 2024. Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ikafungua tena Juni 2025. Kila eneo linagawana uwezo wa satelaiti zilizo juu yake kwa wakati huo, kwa hiyo mjini, penye watu wengi, satelaiti inajaa upesi. Mshindani asiyeweza kupokea wateja hatishi. Nadhani ndiyo sababu mojawapo mwendo wa mambo Nairobi ulipoa baada ya hapo. Palipobaki na tishio la kweli ni kwenye nafasi: Turkana, Simiyu, Kigoma, Karamoja, mashariki mwa Kongo. Na huko ndiko mikataba mipya inakolenga.

Kuna jingine. Starlink yenyewe ina anayeitia tumbo joto. Amazon imekuwa ikijenga mtandao wake wa satelaiti, na tangu Septemba 2023 Vodacom na kampuni mama yake, Vodafone, walitangaza ushirikiano nayo kwa kazi ileile ya kuunganisha minara ya mbali. Satelaiti za kwanza za kibiashara za Amazon zilirushwa Aprili 2025, kati ya zaidi ya 3,200 zilizopangwa. Fikiria nafasi ya Starlink hapo. Ikiendelea kuuza dishi mojamoja kwa kila kaya, itapata elfu ishirini hapa na elfu thelathini kule, na siku Amazon ikiwa tayari itaingia kupitia Vodacom ikiwa na mamilioni ya wateja mkononi. Ikisaini sasa, inamkalisha Amazon nje, au angalau inamfanya akute viti vimekaliwa, kama M-Pesa ilivyokuta Addis. Kushirikiana na adui wa jana ni uamuzi wa kuingia sokoni kama uamuzi mwingine, na umesukumwa na hofu ya atakayekuja kesho. Vodacom, iliyokuwa na mguu kwa Amazon na mkono kwa Starlink, ilikuwa na uwezo wa kuwapiganisha. Wenye kununua huduma kwa jumla wameufaidi ushindani huo. Swali ni kama mnunuzi wa bando la shilingi elfu moja pale Mpanda ataufaidi.

Wanaotetea mikataba hii wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kijiji kisicho na mnara hakina cha kutishiwa. Kuvuta mkongo au kupandisha minara ya kurushiana mawimbi hadi kwenye kata yenye kaya chache ni gharama isiyorudi, na satelaiti inaikata sehemu kubwa ya gharama hiyo. Mnara mmoja uliounganishwa na Starlink unahudumia mtu mwenye simu ya kitochi na mwenye simu janja ya mkononi, wakati dishi la 6,500 linamhudumia mwenye uwezo tu. Hilo ni kweli, na kwa watu wengi vijijini litaleta mabadiliko ya haraka kuliko miaka kumi ya ushindani wa madishi. Ya pili ni ile ambayo kampuni za simu zimekuwa zikiieleza kwa wadhibiti: sisi tumejenga minara kwa mabilioni, tunalipa kodi, tunachangia mifuko ya mawasiliano vijijini, halafu mtu anakuja kutoka angani anachukua wateja wetu bora na kutuachia wasiolipa. Ukimtishia sana mjenzi, atakoma kujenga. Kenya iliwahi kuonja hili. Agosti 2010 Zain, ambayo baadaye ikaitwa Airtel, ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, vita ya bei ikapamba moto, na mwaka 2014 yuMobile ikauzwa vipandevipande: wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Ushindani mkali ulimaliza mshindani, na soko likabaki na wachache zaidi.

Nazipokea hoja zote mbili, lakini hitimisho linalotolewa silikubali. Zinatetea kuruhusu ushirikiano, hazitetei ushirikiano kuwa mlango pekee. Mnara wa Vodacom unaweza kuunganishwa na Starlink na wakati huohuo zahanati, shule ya sekondari au kiwanda cha kuchambua pamba kijiji hichohicho kikaruhusiwa kununua dishi moja kwa moja, kwa bei iliyotangazwa hadharani. Hoja ya kulinda wajenzi nayo inapungua nguvu hapa, kwa sababu mnara unaounganishwa kwa satelaiti ni uwekezaji mdogo kuliko ule wa mkongo. Mtu aliyepunguziwa gharama hawezi kudai alindwe kana kwamba amezibeba zote.

Kwa hiyo mambo ya kuangalia yamo ndani ya mikataba, na kwa bahati mbaya mikataba haisomwi na umma. La kwanza kabisa ni upekee. Kama mkataba unamfunga Starlink asiuze kupitia kampuni nyingine ya simu, au unamfunga mshirika asinunue kwa Amazon, basi wadhibiti wa ushindani wa nchi zetu wana kazi. Uzito wa jambo hili unaongezeka kwa sababu Desemba 2025 Vodacom ilitangaza mpango wa kuongeza hisa zake Safaricom hadi kupita nusu. Mkataba wa Vodacom unaikaribia meza ya Safaricom, na Safaricom ndiyo iliyoomba mwaka 2024 kwamba satelaiti ziingie kupitia kwao tu. Kilichoombwa kama kanuni kinaweza kuja kupatikana kama biashara, bila mbunge kuinua mkono.

La pili linazihusu nchi ambazo zilikuwa hazijafungua mlango. Airtel iliposaini Mei 2025, Starlink ilikuwa na leseni katika nchi 9 kati ya zile 14. Kongo ilikuwa imeipiga marufuku Machi 2024 na ikaja kuipa leseni mwezi huohuo wa Mei. Tanzania mazungumzo yamesuasua kwa miaka, na naelewa kwa nini wakubwa wa Dodoma wanaweza kuvutiwa na njia ya mkato: mgeni apitie kwa kampuni ambayo tayari ina leseni, kodi inajulikana, namba za wateja zimesajiliwa kwa alama za vidole, na hakuna mzozo. Kwa ofisa wa leseni ni nafuu kubwa. Lakini leseni ya moja kwa moja ina thamani hata kama mwombaji hatapata wateja zaidi ya elfu chache, kwa sababu ndiyo inayomfanya aaminike anapotishia. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema mgeni apitie chumbani kwa mwenyeji.

La mwisho ni la vipimo. Mamlaka zetu hutoa kila robo mwaka jedwali la nani ana wateja wangapi. Jedwali hilo halioni tishio. Linamhesabu aliyehama, halimhesabu aliyebembelezwa akabaki. Ingefaa wadhibiti waanze kuchapisha, wilaya kwa wilaya, bei inayolipwa kwa kila GB na kasi inayopatikana, pamoja na idadi ya watoa huduma wanaoweza kumfikia mteja wa hapo ndani ya wiki moja, awe amewachagua au la. TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, wadhibiti wa mawasiliano, zina sehemu kubwa ya takwimu hizo mezani. Zikiwekwa hadharani kabla mikataba hii haijaanza kufanya kazi kikamilifu, tutaweza kulinganisha wilaya ambako dishi linauzwa huru na wilaya ambako linapatikana kwa mshirika pekee. Zikichelewa, kila kitu kitakuwa kimeshabadilika kwa pamoja, na mwenye soko atatuambia kwamba bei aliyoiweka ndiyo ambayo ingekuwapo kwa vyovyote vile.